Jogoo wa Mama Manka

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na samaki aina ya trauti walikuwa wakiruka kudaka wadudu juu ya maji baridi. Ndesario alikuwa ndiyo kwanza amemtoa mmoja, mnene, alipomwona jirani yake mjane akiteremka ukingoni. Akakata mshipi upesi, akauficha ufito wa kuvulia majanini.

"Ndesario, hujamwona jogoo wangu mwekundu? Leo siku ya tatu," alisema Mama Manka. "Tangu mzee afariki, yeye ndiye anayeniamsha."

"Pole, mama. Labda kicheche."

"Kicheche gani huyo asiyeacha hata unyoya mmoja?"

Ndesario alishindwa kumtazama. Akamsukumia samaki. "Chukua, mama. Kitoweo hicho."

"Huyu mzima? Mungu akubariki, mwanangu."

Mama Manka akachuma unyasi mrefu ili amtunge, akamfungua mdomo. Hapo ndipo Ndesario alipoikumbuka ndoano.

Mama aliichomoa polepole. Ilikuwa imefungwa manyoya mekundu mfano wa mdudu, yamelowa na kulala. Akayasogeza karibu na midomo yake, akayapuliza, akayapuliza tena, mpaka yakasimama.