Pilipili Kando ya Kijito cha Mulgol

Safari hii mtu aliyeing'oa miti ya mierebi alikuwa amepanda pilipili mahali pake.

Bok-sil alisimama ukingoni mwa kijito cha Mulgol, viatu vimelowa umande, akiitazama ile miche. Ilikuwa imepandwa kwa mstari ulionyooka, kila mmoja umeshindiliwa udongo shinani na kufungwa kwenye kijiti chake. Mierebi michanga ilikuwa imelazwa pembeni, mizizi juu, kama magugu. Afadhali angeikuta imekatwakatwa. Huyu hakuwa mhuni wa kupita njia. Alikuwa mkulima, tena hodari, na alikuwa wa kijiji hikihiki.

Miaka mingi Bok-sil alikuwa amebisha hodi nyumba kwa nyumba, akiwaomba watu waache ukanda wa ardhi kando ya maji, upandwe miti na majani marefu ya kuzuia mbolea isiteremke na mvua. Chini huko kulikuwa na bwawa ambalo mji mzima ulikunywa maji yake, na maji hayo yalikuwa yameanza kugeuka kijani. Wanaume walimcheka, wakamwita Waziri wa Mierebi. Yeye akaanza na shamba lake mwenyewe, kipande kilichokuwa kinono kuliko vyote. Mmoja mmoja wakamfuata. Wa mwisho kukubali alikuwa Mal-sun, jirani yake, rafiki yake tangu siku Bok-sil alipoolewa hapa kijijini.

Ndiyo maana, alipomkuta Mal-sun asubuhi ya pili amechuchumaa palepale, matope mpaka kwenye viwiko na jembe dogo ubavuni, Bok-sil hakumwuliza kitu. Aligeuka akarudi nyumbani.

Mchana wanawake walikuwa ukumbini mwa kijiji, wamekaa sakafuni wakimenya vitunguu saumu. Bok-sil aliingia, hakuketi.

"Dada Mal-sun," alisema, "hebu waambie wenzako asubuhi ulikuwa unafanya nini kule kijitoni."

Mikono yote ilisimama. Mal-sun alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja mwenzake aongeze neno. Kisha akainamia kisu chake.

"Mierebi nimeing'oa mimi," alisema. "Na pilipili ni zangu. Niliona uchungu ardhi nzuri vile ikae bure."

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akavuta beseni lake, akasogea kando.

"Angekuwa mtu mwingine, ningesema basi," alisema Bok-sil. "Lakini wewe? Wewe uliyenishika mkono siku tunamzika mume wangu, baba Eun-ju?"

"Nisamehe, mdogo wangu," alisema Mal-sun, akaendelea kumenya.

Tangu siku hiyo Bok-sil hakumsalimu tena. Mtungi wa soya waliyovundika pamoja majira ya baridi aliubeba mwenyewe, akauacha mlangoni kwa Mal-sun bila kubisha hodi. Kijijini nako neno lilienea. Mal-sun aliondolewa kwenye kundi la kutunza kijito, na akiingia ukumbini, mazungumzo yalikatika. Hakujitetea. Mierebi ikarudishwa ardhini, haikujulikana na nani. Bok-sil alidhani ni mwenyekiti wa kijiji, akamshukuru moyoni.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlilia. Binti yake, Eun-ju, alipiga simu kutoka mjini Suwon kama kawaida, na kama kawaida akamtaka ahame. Karibu na kwake kulikuwa na nyumba safi ya kulelea wazee, na mama kukaa shambani peke yake kulimnyima usingizi. Mwaka uliopita ni Mal-sun aliyeichukua simu kama ile mkononi mwa Bok-sil, akamhakikishia Eun-ju kwamba mama yake hana tatizo lolote, amwache alipo. Sasa Bok-sil alilikumbuka hilo akaona hata wema ule ulikuwa wa uongo. Alimwambia binti yake kwamba atafikiria. Kijiji kilikuwa kimemtoka moyoni.

Mwisho wa mwezi wa tano, asubuhi moja baada ya mvua, aliamka akiwa na haraka. Upande wa pili wa godoro ulikuwa mtupu. Mumewe alikuwa ameshatangulia shambani, na yeye hajafunga hata kitambaa kichwani. Alichukua jembe dogo, akajitwika trei ya miche ya pilipili kutoka kibandani, akateremka kijitoni mbiombio.

Mal-sun alikuwa amekwisha fika. Alikuwa amekaa ukingoni, kando yake furushi la mierebi michanga, mizizi imeviringwa kwenye gunia bichi.

"Dada, umekula?" Bok-sil alimsalimu kwa furaha.

Mal-sun aliitazama ile trei, kisha uso wake.

"Nimekula, mdogo wangu. Unakwenda wapi?"

"Nawe unauliza? Pilipili zimechelewa. Baba Eun-ju atanuna mchana kutwa."

Akaitua trei chini, akainama, akaushika mwerebi wa kwanza shinani, akauvuta.

Mal-sun hakumzuia. Alilipakata lile furushi mapajani, akamngoja amalize, kama alivyomngoja safari zilizopita.