Taa ya Kushoto

Kengele ya moto ilipolia, kapteni alimalizia kwanza kumenya chungwa lake. Kisha akanyoosha kidole chenye majimaji, akabonyeza kitufe, na kelele ikakoma. Taa nyekundu ya injini ya kushoto ikabaki inawaka.

"Huyu naye," alisema. "Leo amechelewa kuanza."

Rubani msaidizi, binti aliyekuwa na wiki ya tatu tu kazini, alishatoa kitabu cha dharura na kukifungua magotini. Hakucheka.

Taa hiyo ilikuwa imeshadanganya mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara zote mbili kapteni alizima injini, akageuza ndege, akatua katikati ya magari ya zimamoto, na mafundi hawakukuta hata harufu ya moshi. Marubani wenzake wakaanza kumwita Zimamoto. Hilo angelimeza. Lililomkwama kooni ni barua aliyopewa Jumatatu: akikatisha safari tena bila sababu, ataondolewa kwenye kiti cha ukapteni na kupelekwa kufundisha darasani. Miaka ishirini na sita ya kuruka, halafu chaki.

"Kapteni, kitabu kinasema tuizime injini," binti alisema.

"Kitabu hakijapewa barua."

Akatazama mishale ya injini ya kushoto. Joto sawa, mafuta sawa. Akampigia mhudumu mkuu simu ya ndani, akamwomba achungulie madirisha ya kushoto bila kuwatia watu hofu. Mhudumu akarudi na jibu: bawa safi, pangaboi linazunguka vizuri, na bibi mmoja wa safu ya saba anauliza chai imeishia wapi.

"Unaona?" kapteni alisema. "Fundi wa ndege hii ni shemeji yangu. Jana kashinda humu ndani kutwa nzima akiitafuta hii hitilafu. Kibovu ni taa, mwanangu."

"Inawezekana, kapteni." Binti hakukifunga kitabu. "Lakini kama leo inasema kweli, nyuma kuna watu arobaini na wanne. Mimi siwezi kukaa hapa nikawa nabahatisha. Naomba tuizime."

Kapteni alikasirika. Alikasirika kwa sababu binti alikuwa na haki, na kwa sababu yeye mwenyewe, alipokuwa mgeni kazini, asingethubutu kumwambia kapteni maneno kama hayo. Chini yao palikuwa na msitu mtupu. Uwanja mdogo wa karibu ulikuwa mwendo wa dakika kumi na nane. Aliliweka chungwa pembeni, akafuta mikono kwenye suruali, akaona aibu kwamba muda wote huo alikuwa akipima karatasi moja na roho za watu kwenye mzani mmoja.

"Haya," alisema. "Soma. Polepole."

Binti akasoma, naye akatenda. Akageuza ndege kuelekea ule uwanja, akarudisha nyuma wenzo wa nguvu, akakata mafuta, akashika mpini mwekundu wa kuifunga kabisa injini.

"Kushoto?" aliuliza.

Binti aliinama kuuangalia mkono wake, kama sheria inavyotaka. "Kushoto. Nimehakikisha."

Akavuta. Pangaboi la kushoto likapunguza mwendo, likasimama. Akafyatua mtungi wa kwanza wa dawa ya kuzimia moto. Wakahesabu sekunde thelathini pamoja, kwa sauti, kisha akafyatua wa pili.

Taa iliendelea kuwaka, nyekundu vilevile.

Hapo kapteni alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo. Injini imelala, haina tone la mafuta, imemwagiwa mitungi miwili, na taa bado inashikilia kwamba inaungua. Ushahidi gani tena?

"Imejiumbua yenyewe," alisema.

Binti alishusha pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waruke. "Samahani, kapteni. Nimekuponza."

"Hujaniponza. Umefanya kazi yako."

Naye alimaanisha. Ndege ilikuwa imetulia, ikishuka bila taabu kwa nguvu ya injini ya kulia peke yake. Barua ya pili ingekuja, na ije. Angekwenda huko darasani, na siku ya kwanza angewasimulia wanafunzi habari za binti huyu. Alijishangaa kuona hajuti hata kidogo.

Akaita karakana kwa redio. Aliyepokea alikuwa shemeji yake.

"Shemeji, taa yako imeninyang'anya kazi," alisema, bado akiwa na kicheko kwenye sauti. "Nimezima kushoto, nimemwaga mitungi yote, na bado inawaka tu."

"Kushoto?" shemeji aliuliza. "Hapo unanichanganya, shemeji. Jana nilichomoa nyaya za taa nikazipishanisha, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, nijue ubovu uko kwenye taa au uko kwenye injini. Ndivyo tunavyotafutaga. Zamu yangu ikaisha, nikamwachia mwenzangu azirudishe. Hebu ngoja nione daftari."

Kapteni alisikia kurasa zikifunuliwa. Kisha zikakoma.

"Shemeji," sauti ilisema, "hazikurudishwa. Taa ya kushoto inasoma injini ya kulia. Niambie uliyoizima ni ya kulia."