Mchwa wa Ngozi ya Mama Swala

Chini ya ngozi ya Mama Swala waliishi mchwa askari, waoga ajabu, wakihisi mkwaruzo tu wanakandika udongo, na hata kidonda kikishapona wao bado wanakandika. Asubuhi moja mwanawe, Kitete, akamlamba shingo.

"Adui!" mchwa wakapiga kelele, wakaongeza udongo.

"Jamani, huyo ni mwanangu!" Mama akalia.

"Tulia, Mama, tunakulinda."

Kitete akalamba tena, nao wakakandika tena, mpaka ngozi ikawa ngumu kama kichuguu na mdomo wake Mama ukabana, asiweze hata kumlamba mwanawe. Kitete akaogopa, akasogea mbali.

"Tumemfukuza!" mchwa wakashangilia.

Mama akabaki amemwelekezea shingo, akiomba arudi amlambe, hata kama hatauhisi ulimi wake.