Mwanaidi, Ijumaa

Siku hizi kila nyumba yenye mgonjwa wa uvimbe wa ubongo hupewa kioo cha kutundika ukutani. Kila asubuhi kinampima mgonjwa, kisha kinaandika jina la mtu ambaye mgonjwa atamsahau na siku yenyewe. Anayetajwa huja kuagana naye angali anamjua.

Uvimbe wa mume wangu, Mbaruku, ni wa aina adimu. Daktari alisema utakua polepole. Miezi minne baadaye akasema umegeuka saratani kali. Tangu hapo nimepika chai ya kuagana mpaka sufuria imetoboka. Kaka zake walikuja, maseremala wenzake walikuja, na Salha, binti yetu, alikuja akaondoka analia.

Jumatatu kioo kikaandika jina langu: Mwanaidi, Ijumaa.

Sikulia. Nilipeleka gauni kwa fundi, nikanunua udi, nikayaweka maneno ya miaka thelathini na moja niyaseme siku hiyo. Jumanne jioni alinishika mkono, akataka tuzungumze. Nilimwambia, "Subiri, Baba Salha. Ijumaa."

Jumatano asubuhi nilimpelekea uji. Aliupokea kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu aliye ugenini.

"Ahsante, dada."

Nikageuka kutazama kioo. Kilikuwa kimesahihisha siku: Mwanaidi, jana.

"Samahani, dada," akaniita tena. "Hujamwona mke wangu? Kaniambia nimsubiri, ana maneno ya kuniambia Ijumaa."