Jina la Mnufaika

Ukiiuliza mara ya kwanza, seva ilitaja jina la fundi mwenyewe. Ukiiuliza tena, ilimtaja mtalaka wa mumewe.

"Seva yako imeoa wake wawili," fundi mwenzake alisema, akicheka mpaka kiti kikalia. Yeye hakucheka.

Kampuni yao iliuza bima ya maisha, na juma zima wateja walikuwa wakilalamika. Mtu anabadilisha mnufaika wake, yaani yule atakayelipwa yeye akifa, kisha dirishani anasomewa mara jina jipya, mara la zamani. Ghala la taarifa lilikuwa salama. Kosa lilikuwa kwenye kashe, kumbukumbu ya pembeni ambamo seva huweka nakala ili isirudi ghalani kila inapoulizwa. Mafundi hawakuruhusiwa kuchungulia ghala lenyewe, kwa ajili ya siri za wateja. Basi akawa anajaribia ukurasa wa mumewe, maana jibu lake alilijua: walipooana tu, mume alimwandika yeye.

Hata hivyo, kila jina la yule mwanamke lilipojitokeza, wivu ulimkwangua kifuani. Mtalaka aliondoka nyumbani, hakuondoka midomoni mwa watu. Mama mkwe bado alisifia mkono wake jikoni. Dada wa mume bado alimwita yule wifi yake, tena kwa sauti. Sasa hata mashine nayo.

Akampigia mumewe.

"Hivi kwenye bima umemwandika nani?"

Mume akamrudishia swali. "Kwani vipi?"

"Jina la mwenzio wa zamani linanitokea hapa kazini."

"Hayo mambo nilishabadilisha, mke wangu," alisema taratibu. "Labda mitambo yenu ndiyo mibovu."

Moyo ukamtulia. Akajifunga kibwebwe, akaifuata seva hatua kwa hatua mpaka akalikuta kosa. Kashe zilikuwa mbili. Taarifa ilipobadilika, nakala ya zamani ilifutwa kwenye moja, ikasahauliwa kwenye nyingine. Akarekebisha. Kisha akazifuta nakala zote za zamani, akizifuta kwa raha ya mtu anayefagia nyayo za mke mwenza mlangoni pake.

Dirishani wakajaribu kwa wateja waliolalamika, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alisomewa jina jipya, lile alilolitaka. Meneja akampa mkono mbele ya watu.

"Sasa haidanganyi," mwenzake alisema.

Alingoja watawanyike. Kisha akafungua ukurasa wa mumewe, apate kujiona peke yake kwa mara ya kwanza tangu juma lianze. Akauliza. Akauliza tena. Akauliza na mara ya tatu.

Seva haikusitasita tena. Kila mara lilikuja jina moja tu, la mtalaka. Nakala ya zamani aliyoifagia ilikuwa yake mwenyewe.