Mtungi wa Kuzimia Moto

Tetemeko lilikoma, lakini kaa lililoruka kutoka mekoni lilikuwa limeshashika nyasi za paa la jiko.

"Mama Dastani, maji!" mumewe alipiga kelele, filimbi ikimning'inia kifuani. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya ya Newala, alikuwa amemteua mkuu wa zimamoto wa kijiji, naye kila Jumamosi aliwafundisha watu: ardhi ikitikisika, tokeni nje, kisha mimineni kilicho karibu.

Kivulini palikuwa na mitungi mitatu. Mmoja ulikuwa wa maji, ambao Mama Dastani alikuwa ameupandisha alfajiri kutoka bondeni, na utosi bado ulimuuma pale ngata ilipokaa. Miwili ilijaa uraka, pombe ya mabibo, kwa ajili ya wageni wa mumewe.

Akanyanyua mtungi wa uraka.

"Siyo huo!"

"Si ulisema kilicho karibu, Baba Dastani?"

Povu likaruka juu ya paa. Moto ukanywea, na wanaume wa kikosi, waliokuwa wamefika mbio, wakaguna kama wako msibani.

Pembeni bado palifuka moshi. Mama Dastani akainamia mtungi wa pili wa uraka.

"Ngoja, mke wangu! Mimina yale maji, mengine nayafuata mwenyewe!"

Mkuu wa zimamoto akanyakua ndoo na ngata ya mkewe, akateremka mbio kuelekea bondeni, filimbi ikimrukaruka.

Mama Dastani akaurushia moshi viganja viwili vya mchanga, ukafa. Hakumwita arudi.