Gauni la Shangazi

"Suruali hii ipunguze kiuno," alisema mwanamke, "na gauni hili liongeze mabega."

Fundi cherehani aliitazama ile suruali ya kiume kama aliyeletewa panya aliyeoza. Tangu wanaume waende vitani, wanawake wa kiwanda cha risasi walimletea suruali za waume zao awapunguzie, na hakuna aliyetoka bila kusimangwa. Mwenyewe hakuwahi kushika bunduki, lakini ungemsikia ungedhani vita vyote anavipigana yeye, kwa mdomo.

"Wewe ukivaa suruali, mumeo avae nini?"

"Mume sina. Gauni ni la shangazi." Akampa karatasi ya vipimo. "Mabega kumi na tisa. Mkono wa kushoto uwe mfupi kwa inchi moja."

"Shangazi gani huyo, anabeba magunia bandarini?"

"Amesema nije kwako, si kwa fundi mwingine."

"Basi angalau ana macho."

Ukutani ilining'inia picha ya mwanawe, amevaa sare aliyomshonea yeye mwenyewe. Kila mteja alionyeshwa kabla hata hajakaa.

"Huyo ndiye mwanamume," alisema fundi. "Si kama hao wanaotoroka jeshini."

Mwanamke aliitazama picha kwa muda, akaaga.

Gauni alilishona vizuri. Majivuno yake hayakumruhusu kuharibu kazi, hata kazi anayoidharau. Mwanamke alilichukua asubuhi ya tatu, akashukuru kwa adabu, na kabla hajafika kona fundi alishawafuata askari wa doria. Watoro walikuwa wakipigwa risasi siku hiyohiyo wanapokamatwa, na fundi alilijua hilo fika.

"Mfuateni huyo mwenye suruali," aliwaambia. "Ana shangazi mwenye ndevu." Akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Haikufika adhuhuri wakampitisha shangazi mlangoni pake, mikono imefungwa nyuma, mtandio umemfunika uso. Fundi alitoka na futi yake shingoni, akatema mate.

"Mwanamume mzima, huna hata haya! Aliyekuzaa amepata hasara."

Shangazi alisimama. Askari akamvuta mtandio.

"Mkono wa kushoto umekaa vizuri, baba," alisema. "Kama ule wa sare."